Kiporo cha Makame

Ndugu zangu, naona wengine mnageuka kutazama viatu vyenu pale mlangoni. Tulieni, havijaondoka. Leo tuzungumzie ugonjwa huohuo wa shuku.

Kulikuwa na bwana mmoja alishika simu ya mkewe, akafungua duka la mtandaoni wanakonunua nguo za watoto. Juu ya ukurasa pameandikwa: "Karibu tena, Makame." Makame ndiye nani? Nyumba ile haina Makame, na ukoo mzima haujazaa Makame. Je, alimuuliza mkewe? Thubutu. Alirudisha simu palepale, akaanza kuvizia. Mke akicheka, anamchekea Makame. Akipaka wanja, ni wa Makame. Mwisho akamrudisha kwao, na sababu hakuitaja.

Kisha akaenda dukani kumtafuta huyo mwanamume. Mwenye duka akamwita fundi aliyetengeneza tovuti, dada mmoja mpole.

"Kosa ni langu, kaka," fundi akasema. "Ili duka lisichelewe kufunguka, niliiamuru mashine ipike ukurasa asubuhi, iuweke, na kila anayekuja kutwa apakuliwe uleule. Jina la mteja lilitakiwa lipikwe upya kwa kila mtu. Nikalisahau humo humo. Makame alitangulia tu kufungua siku hiyo, mkaonyeshwa jina lake wote."

"Wote?"

"Wote. Nimeshafuta."

Bwana akakimbilia ukweni kwa furaha, akamweleza mkewe kila kitu. Mke akamsikiliza hadi mwisho.

"Simu yako nayo siku moja iliandika, 'Karibu tena, Zamda,'" akasema. "Niliona. Nikasema mtandao umekosea, maana mume wangu namjua. Fundi amefuta cha kwenye mashine, baba watoto. Cha moyoni mwako atakufutia nani?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tusiicheke mashine, ndugu zangu. Sisi tunampika mtu mara moja kichwani, kisha kila akitokea tunampakulia kiporo kilekile. Kikichacha, tunasema yeye ndiye ananuka. Jirani uliyemnunia tangu Idi ya Mfunguo Mosi, ulimuuliza? Mkeo unayempekulia simu akiwa jikoni, ulimuuliza? Hatuulizi, kwa sababu tukiuliza tunaweza kujibiwa, na majibu yataharibu shuku tuliyoifuga kwa raha zetu.

Mlango wa yule mke haujafunguliwa mpaka sasa. Wa nyumbani kwako bado uko wazi. Nenda kaulize.