Mwenyeji Huonja Kwanza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, mikeka yao na majirani wa kuwaazima chumvi, kiangazi kiliingia kijijini kikakataa kutoka. Kisima kikakauka kabisa. Ikawa kila mzazi anakwenda mtoni, mbali huko, anatoka asubuhi anarudi jioni.

Na watoto je? Ukiwachukua, jua litawamaliza. Ukiwaacha, tai yuko juu anazunguka.

Chui akaiona shida hiyo, akatabasamu. Yeye na shemeji yake Fisi wakajenga nyumba ya mawe, haina dirisha, mlango wake gogo zima, na komeo liko nje. Kisha wakamwita Kasuku, mpiga mbiu wa kijiji. Walichonong'ona sikukisikia, ila Kasuku alitoka pale tumbo limemtuna kwa mtama.

Asubuhi yake akapanda juu ya mti na pembe yake. Puuu! Puuu!

"Leteni watoto! Leteni watoto! Nyumba Salama ya Bwana Chui! Mlango imara! Ndani upepo wa mlimani na uji wa maziwa! Tangu ijengwe, hakuna mtoto hata mmoja aliyeumia humo!"

Weee! Kijiji kizima vigelegele. Wanyama wale jamani, sijui niwaiteje. Macho walikuwa nayo, lakini pembe ikilia tu, macho wanayatia mfukoni.

Nyati akamwambia jirani yake Pimbi, yule mdogo anayekaa mapangoni, "Umesikia, Mama Sikudhani? Hakuna hata mmoja aliyeumia!"

"Nimesikia, kaka. Walioingia ni wangapi?"

"Walioingia? Aa, wataingiaje, na nyumba imekwisha jana?"

"Basi hata pangoni kwangu hakuna tembo aliyewahi kuumia."

Nyati akacheka, akaenda zake. Pimbi hakucheka. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amenyakuliwa na tai mwezi uliopita, akabaki na Sikudhani peke yake. Msidhani alipenda kubisha. Alitamani sana mbiu ile iwe kweli, alitamani mpaka moyo ukamuuma.

Akamfuata Kasuku mtini.

"Kasuku, mwanangu, uliingia ndani ukaiona?"

"Mimi kazi yangu kutangaza, mama. Kuchungulia si kazi yangu."

"Na huo upepo wa mlimani?"

"Nimeambiwa upo."

"Na mtama huo mdomoni?"

Kasuku akameza haraka, akapuliza pembe. Puuu!

Jioni Mzee Tembo, mwenyekiti wa kijiji, akaita baraza. "Kesho watoto wote waingie Nyumba Salama," akasema. "Kasuku ametangaza kutwa nzima. Jambo linalosemwa mara nyingi hivyo litakuwaje uongo?"

"Mzee wangu, shikamoo," akasema Pimbi. "Hata likisemwa mara mia, aliyeliona ni nani?"

"Marahaba. Kaa chini, Mama Sikudhani. Wivu huo. Atakayemwacha mtoto wake nje, akija tai, asije akalia kwetu."

Pimbi akakaa. Lakini kichwa hakikukaa.

Kulipokucha, foleni ilifika mpaka kisimani. Twiga na mwanawe, Nyati na mwanawe, Digidigi na mapacha. Chui amesimama mlangoni amechana masharubu. Kando yake Fisi, na chungu kikubwa.

"Bwana Fisi, chungu cha nini?" akauliza Pimbi.

"Cha uji wa watoto!"

"Na ndimu hizo? Na pilipili?"

"Uji wa kisasa huo, mama! Wewe mambo ya kisasa utayajulia wapi?"

Chui akamkonyeza Fisi anyamaze. "Tuanze na huyu mdogo," akasema, akinyoosha mkono. Sikudhani akajibana kwa mama yake.

"Mwanangu ataingia, Bwana Chui," akasema Pimbi kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ila tusisahau adabu. Hapa kwetu hata togwa haliletwi mbele ya mgeni kabla mwenyeji hajaonja. Nawe leo ndiwe mwenyeji. Wageni ni watoto wetu, basi nyumba hii ionje kwanza wewe."

"Kweli kabisa!" akasema Twiga. "Hilo hata bibi yangu alinifunza."

"Onja, bwana, onja!" foleni ikapokea.

Chui akatazama huku, akatazama huku. Kukataa kuonja ni sawa na kusema pana sumu. Akaingiza kichwa, akatoa. "Haya, nimeonja."

"Hapo umelamba," akasema Pimbi. " Onja basi! Na mpishi naye aonje."

Vicheko, kwa kwa kwa! Chui akaona ubishi utamharibia, akaingia. Fisi akafuata, chungu mkononi, maana kile hakiachi.

Kwacha! Gogo likajifunga nyuma yao, Pimbi akarukia komeo, likashuka.

"We! Fungua!"

"Nitafungua, Bwana Chui. Kaeni humo kama ambavyo watoto wetu wangekaa. Si salama?"

"Salama sana!" akaita Chui.

Jua likapanda. Mawe yakashika moto.

"Bado salama?"

"Sa... salama."

Jua likafika utosini. Mara ndani, du! du! du! ngumi mlangoni. "Tufungulieni! Tunakufa! Hakuna hewa humu!"

"Mbona mbiu ilisema upepo wa mlimani?"

"Hakuna upepo! Hakuna maji! Hakuna uji!"

Na Fisi, ambaye njaa na joto vilikuwa vimemvuruga akili, akalia, "Ni wewe, shemeji! Mimi nilisema tule mmoja mmoja porini, wewe ukataka waletwe wote kwa foleni!"

Twiga akamvuta mwanawe katikati ya miguu yake.

Chui akasukuma gogo kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Katika yote aliyotangaza Kasuku, moja lilikuwa kweli: mlango ulikuwa imara.

Mzee Tembo machozi yakamlengalenga. "Mama Sikudhani," akasema, "mjukuu wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni. Nisamehe."

Jua lilipopungua, Tembo na Nyati wakasimama mlangoni, wakafungua. Chui na Fisi wakatoka mbio, nduki! Wanakimbia mpaka leo, na nchi hiyo hawajarudi.

Nyumba hawakuibomoa. Walitoboa madirisha, komeo wakalihamishia ndani, mama mmoja akawa anabaki kwa zamu na mtungi wa maji. Na Kasuku? Walimwachia pembe yake, kwa sharti moja: kabla ya mbiu aseme nani kamlisha na yeye mwenyewe kaona nini.

Kesho yake akapanda mtini, sauti imemkauka kwa aibu.

"Puuu! Leo sijala mtama wa mtu! Nimeingia ndani mwenyewe! Madirisha yapo, maji yapo... lakini kona ya nyuma pana jiwe linacheza, msiwalaze watoto hapo!"

Wanyama wakaenda wakalitazama jiwe. Lilikuwa linacheza kweli, wakalitengeneza. Ndipo Pimbi alipomshika Sikudhani mkono, akamwingiza, akachukua ndoo yake akaenda mtoni, na safari hii hakugeuka nyuma.

Wajukuu zangu, anayekusifia usalama wa nyumba, mwambie aingie kwanza yeye.