Kwa Nini Ushanga wa Koche Huachiwa Ganda

Ukipewa ushanga wa koche, ugeuze kwanza. Mahali fulani, pengine karibu na tundu la uzi, utakuta kipande cha ganda la kahawia, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Msidhani mchongaji alichoka. Kaeni niwaeleze, na anayetaka kubisha asubiri nimalize.

Enzi hizo pembe ilikuwa pembe, na koche, tunda la mkoche, lilikuwa chakula tu. Watoto waliguguna nyama yake tamu ya nyuzinyuzi, ndovu walilimeza zima, na kokwa lake hakuna aliyelijali. Katika msitu wa kando ya mto Tana, bibi harusi hakutoka kwao bila mkufu wa shanga za pembe, nazo pembe zilitoka kwa ndovu waliojifia wenyewe. Kumchoma ndovu mkuki ulikuwa mwiko. Kiangazi kilipokaza, wao ndio waliochimba mchanga wa mtoni mpaka maji yakatoka, na watu wakachota baada yao.

Mchongaji wa kijiji alikuwa mjane aitwaye Hadulu, mwanamke mdadisi kupita kiasi. Kitu kilichofungwa kilimnyima raha mpaka akione ndani. Sasa, mwaka alioposwa binti yake, Hawayu, ndovu waligoma kufa. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Masika mawili yalipita bila mzoga, harusi ikakaribia, na Hadulu hakuwa na pembe hata ya kuchonga kifungo kimoja.

Asubuhi moja akiokota kuni alikuta kinyesi cha ndovu kilichokauka, na ndani yake kokwa la koche. Mwingine angeliruka akaenda zake. Yeye alilifuta, akalitikisa sikioni, akasikia kitu kinagonga ndani. Alipolikata kwa msumeno alikuta moyo mweupe pe, na alipoujaribu kwa kisu ukawa mgumu vilevile kama pembe. Kumbe kitu hiki kilikuwa humu siku zote?

Basi hakulala wala hakupika vizuri wiki nzima. Aliangua koche bichi, akakuta maji matupu. Akaangua lililokua kidogo, akakuta utando laini kama wa dafu. La tatu lilikubali kisu vizuri, akachonga ushanga mzuri, akafurahi. Siku ya nne ukasinyaa ukawa na makunyanzi. Ndipo alipojua kwamba koche haliharakishwi. Sharti lidondoke lenyewe, au ndovu alipitishe tumboni mwake.

Aliyaokota hayo tu. Akayachonga, akayatoboa kwa keekee, akayasugua kwa majani ya msasa mpaka yakang'aa. Ushanga mmoja tu ulimshinda. Kokwa lake lilikuwa dogo, na kama angelimaliza ganda lote ungekuwa mdogo kuliko wenzake. Akauacha na doa la kahawia, akautunga nyuma, penye kisogo, ambapo nywele zingeuficha. Kusema kweli aliuonea haya.

Siku ya harusi, baba wa bwana harusi, Mzee Jillo, aliukagua mkufu juani, shingoni mwa Hawayu.

"Hii ndiyo pembe!" akasema. "Sijapata kuona pembe safi namna hii."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hadulu alifungua kinywa aseme ukweli, akakifunga. Sifa zilikuwa tamu, na yeye naye ni binadamu. Akajiambia atasema kesho.

Lakini kijana mmoja, mwenye dada anayengoja kuolewa, akauliza kwa sauti: "Pembe hii imetoka wapi? Si miaka miwili sasa hakuna ndovu aliyekufa?" Watu wakatazamana. "Basi mchongaji wetu ameuvunja mwiko," akasema. "Na sisi tunangoja nini?"

Pale kwenye kona ya mto alikuwapo ndovu jike mzee, mwenye sikio lililochanika, yule aliyefukua kisima cha kiangazi kilichopita. Alikuwa akinywa maji. Vijana wakachukua mikuki.

"Rudini!" Hadulu akapiga kelele. "Si pembe hiyo! Ni koche!"

Wakamcheka. "Mama, hata kama ni kujitetea, si hivyo," wakasema. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, hakuna aliyeweza kumwamini. Hadulu akamtazama binti yake. Wakweze wakiamini, huenda harusi ikavunjika hapohapo. Wasipoamini, ndovu anakufa. Aliogopa, nawaambieni, aliogopa. Kisha akaenda, akamwinamisha Hawayu kichwa, akauzungusha mkufu, na ule ushanga wa aibu ukaja mbele.

Mzee Jillo akalikwangua lile doa kwa ukucha, akanusa. Harufu ya koche ikampanda puani, ileile aliyoijua tangu utotoni.

"Wekeni mikuki chini," akasema. Kisha akamgeukia Hadulu. "Mkwe, mbona ulitunyamazia?"

"Mlisifu mno, mkwe wangu. Nikaona haya kuwaambia kwamba mnasifu kitu kilichotoka kwenye kinyesi cha ndovu."

Mzee Jillo alijikaza asicheke, akashindwa. Lakini alipotulia alisema, "Mila yetu inataka pembe."

Hawayu ndiye aliyejibu, macho yake chini kama inavyompasa bibi harusi. "Baba, hiki nacho kimetoka kwa ndovu. Tofauti ni kwamba mwenyewe bado yuko pale anakunywa maji."

Wote wakageuka. Yule jike mwenye sikio lililochanika alinyanyua mkonga, akajimwagia maji mgongoni, akaondoka taratibu kuingia msituni. Mzee Jillo aliutazama mkufu, akauvua kwa mikono miwili, kisha yeye mwenyewe akamvisha mkwewe tena. Hawayu hakukubali ule ushanga wa doa urudi nyuma. Aliuacha mbele, kooni, kila mtu auone.

Na tangu siku hiyo mchongaji wa koche halimalizi ganda lote. Huacha doa mahali pa kuonekana, ili atakayeuvaa ushanga asiulizwe ni ndovu yupi aliyekufa.