Jina la Mtoto wa Msusi

Sogeeni karibu, wenye nywele na msio nazo, maana shauri la leo halitaki kichwa kilichosukwa. Linataka kichwa kinachofikiri.

Mjini Tanga palikuwa na msusi aitwaye Salhina, na palikuwa na wanawake watatu waliomfaa wakati wa shida yake. Wa kwanza, Daktari Atupele, alijaliwa mkono usiotetemeka. Wa pili, Daktari Warda, alijua kuituma damu ya mtu ikamtibu mwenyewe. Wa tatu alikuwa wifi yake, Mwantumu. Huyu hakusomea tiba wala hakujua kushika kitana. Alijaliwa ukaidi tu, na mtaa mzima wa Chumbageni uliujua.

Salhina alikuwa hodari wa kazi yake, lakini tangu usichana alipenda misuko ya kubana, ile inayovuta ngozi mpaka nyusi zinapanda. Alikuwa akisema kichwa cha msusi ndicho kibao cha duka lake, na kibao chake hakukipumzisha hata wiki moja. Ngozi ikachoka. Nywele za mbele zikaanza kukatika, kisha zikang'oka zenyewe, mpaka paji la uso likakaribia katikati ya kichwa. Wateja nao wakaanza kupungua. Mmoja alisema bila hata kushusha sauti, "Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu kajimaliza mwenyewe." Salhina alisikia, na iliuma sana.

Palepale, mbele ya wanawake wote waliokuwa saluni, akaweka nadhiri. "Atakayenirudishia nywele zangu, binti yangu wa kwanza atabeba jina lake. Ninyi ni mashahidi."

Msidhani aliahidi kitu kidogo. Mwenye jina huwa somo wa mtoto, naye huhesabiwa wa nyumba ile kwa raha na kwa msiba, mpaka mmoja wao aingie kaburini. Tena jina halikatwi vipande kama mkate.

Akasafiri kwenda Dar es Salaam kwa Daktari Atupele. Daktari alitoa mizizi ya nywele kisogoni, mahali ambapo misuko haikuwahi kupaumiza, akaipanda mbele mmoja mmoja. Alianza asubuhi, akamaliza jua likizama. Salhina hana kawaida ya kusifia mikono ya watu, lakini alipojitazama kiooni alisema, "Dada, hata mimi nisingepanga mistari hivi."

"Sikupanga mistari," Atupele akamjibu. "Nywele za Mungu hazina mistari. Sasa nisikilize: kwanza zitapukutika, halafu zitaota. Usiogope, na usizibane."

Chumba cha jirani alikuwepo Warda. Kazi yake ilikuwa kutoa damu mkononi, kuizungusha kwenye mashine mpaka yale maji ya manjano yajitenge na wekundu, kisha kuyadunga kwenye ngozi ya kichwa. Maji hayo wenyewe huyaita plazma. Salhina alimuuliza Atupele kama ni lazima.

"Si lazima. Wapo wanaoona inasaidia, wapo wasioona tofauti. Nilichopanda kitaota hata bila hiyo."

Warda alisikia, wala hakununa. "Kitaota, ndiyo. Lakini mizizi iliyohamishwa imeshtuka. Mimi kazi yangu ni kuihimiza."

Salhina aliona kwamba amekuja kutafuta nywele, hakuja kutafuta majuto, akakubali. Warda akamdunga upande wa kushoto, sindano juu ya sindano. Walipofika katikati ya kichwa Salhina akamshika mkono.

"Tuishie hapa, daktari. Huku kulia nitakuja kumalizia kesho."

Mnajua alikolitoa neno hilo. Ndivyo wateja wake wafanyavyo: msuko ukimchosha mtu, hujifunga kitambaa, akaenda kwake na nusu kichwa, kesho akarudi. Lakini msuko hauna sindano. Kulipokucha ujasiri ulikuwa umemwisha, akapanda basi la Tanga na nusu yake, na ile kesho haikufika.

Nyumbani, nywele zilizopandwa zikapukutika zote. Alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa ni jambo moja na kuona ni jingine. Akatoa wigi na chupa ya gundi, ili walau ajifiche. Aliporudi kutoka kuchukua kioo, gundi haipo.

"Wifi, gundi yangu iko wapi?"

"Chooni," alisema Mwantumu. "Ingeng'oa hata mizizi uliyopandwa. Na ukinunua nyingine, itaifuata hukohuko."

"Kichwa ni changu."

"Kilikuwa chako. Ulikiharibu. Sasa nakilinda mimi."

Tangu siku hiyo Salhina hakupata raha. Akikaza kilemba, Mwantumu anakuja kulegeza fundo, hata mbele ya wateja wachache waliobaki. Walinuniana, wakapatana, wakanuniana tena, na Mwantumu hakurudi nyuma hata hatua moja.

Miezi ikapita. Upande wa kushoto ukaanza kuchipua vinyweleo. Kulia, ngozi tupu. Hapo ndipo Salhina alipokata tamaa kwelikweli, akaagiza gundi kwa siri. Mwantumu alimkuta ameishika, na mara hii hakumnyang'anya. Alimshika mkono ule mwingine, akauweka kichwani upande wa kushoto.

"Papasa. Hizi zilikuwa wapi juzijuzi? Basi ngoja."

Salhina akapapasa, akalia, akangoja. Kulia nako kukaota, kwa kujivuta. Mwaka ulipotimia, hakuna jicho lililoweza kutofautisha upande na upande. Alijisuka mwenyewe, msuko mlegevu wa kwanza maishani mwake, na vidole vyake vikamwambia kwamba kushoto zimejaa zaidi kidogo. Au alitaka kuhisi hivyo. Ukimwapisha, haapi. Wateja wakarudi saluni, pamoja na yule mwenye mdomo.

Kisha Mungu akamjalia mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina, wakaja wote watatu.

"Simdai mtu jina," alisema Atupele. "Lakini kulia hakukuguswa na plazma, na kumeota. Pasipopandwa kitu, wa kuhimiza angehimiza nini?"

"Na pasipohimizwa palichelewa," alisema Warda. "Siku aliyoshika gundi mara ya pili, ni upande upi uliomrudisha?"

"Upande haukumrudisha, nilimrudisha mimi," alisema Mwantumu. "Ingawa, kama nisingekuwa na cha kumpapasisha, asingenisikiliza. Hilo nakiri. Nanyi kirini: ile gundi ingepakwa, leo mngekuwa mnagombea kipara."

Watu wakacheka. Salhina hakucheka. Mumewe alimnong'oneza wapige kura, akakataa. Shoga zake wakashauri majina yaunganishwe, akakataa pia.

"Nadhiri niliitamka kwa mdomo wangu," alisema. "Nitaitimiza kwa mdomo wangu, na jina litakuwa moja. Mtakaokosa, nawaomba radhi mapema, maana ninawapenda, na najua nitamuumiza mtu."

Akawatazama mmoja mmoja, akamaliza kuwatazama, akaanza upya. Mkwewe, Bi Hidaya, alikuwa amemlaza mtoto mapajani. Akamlowesha nywele zile laini alizozaliwa nazo, akachukua wembe, akainua uso.

"Haya, mwanangu. Namnyoa nani?"

Salhina alijibu, kwa sauti ambayo kila aliyekuwemo aliisikia. Alichojibu sikisemi, kwa sababu tangu siku hiyo wanawake wa Chumbageni hawajaacha kubishana, na wasio Chumbageni nao wana haki ya kubishana.

Basi uchukueni wembe ninyi. Mtoto yuko mapajani, maji yanamkaukia kichwani, na wale watatu wanawatazama machoni. Bila mmoja hakuna kilichopandwa, bila mwingine huenda hakuna kilichowahi, na bila wa tatu hakuna kilichosalia. Mngemwita Atupele, Warda, au Mwantumu? Na wale wawili mngewaambia nini?