Baba Aliyegeuza Mgongo

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Elikana, alikuwa na binti wa miaka minne ambaye hakumjua. Halikuwa kosa la mtoto. Elikana alikwenda kufanya kazi mgodini, mbali na kwao, mtoto akiwa bado ananyonya, na tangu hapo alirudi mara moja tu, kumzika baba yake, akakaa siku nne nyumba ikiwa imejaa watu. Sasa alikuwa amepewa likizo ya wiki tatu. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha, na bado kila alipoingia chumbani, mtoto alitoka.

Mtoto aliitwa Nakunda. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyomuumiza baba. Elikana alimletea mwanasesere na viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Nakunda alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni, kisha akaenda kuviweka kabatini. Jioni moja wakila, alimuuliza mama yake bila kushusha sauti, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?"

Namsifu, mama yake, aliweka kijiko chini. "Nakunda, huyu ni baba."

"Ndiyo," mtoto akasema. "Anaondoka lini?"

Kesho yake Elikana alitangaza kwamba Jumamosi wangekwenda wote watatu kwenye bustani ya wanyama iliyo kando ya mto, chini ya mji. Ni bustani ndogo. Ina mbuni wawili, nyani, nungunungu, chatu ndani ya kioo, kobe wanaoachwa watembee watakavyo, na simba mmoja mzee. Elikana alikuwa na shauri moyoni ambalo hakumwambia hata mkewe. Alifikiri kwamba simba akinguruma mtoto ataogopa, na akiogopa atamkimbilia aliye karibu. Kwa hiyo alikusudia kuwa karibu.

Siku yenyewe alikuwa na haraka. Alitangulia mbele, akawa anaita: njoo uone hapa, tazama huyu, umemwona yule? Kwa nyani alijaribu kumbeba mtoto aone vizuri, naye Nakunda akakakamaa mikononi mwake mpaka akamshusha. Elikana hakuchoka. Walipofika kwa simba alimwambia mkewe apumzike kwenye benchi, akamsogeza mtoto karibu na wavu, akapiga magoti kando yake. Simba alikuwa amelala. Akainua kichwa, akapiga miayo, kisha akatoa sauti ile nzito inayotoka tumboni, ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikioni.

Nakunda alipiga kelele akageuka. Mikono ya baba yake ilikuwa wazi mbele yake. Aliizunguka. Alikimbia mpaka kwenye benchi, akaficha uso katika kitenge cha mama yake, na Elikana akabaki amepiga magoti, mikono bado imefunguka. Baadaye kidogo aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Watu waliosimama pale walikuwa waungwana, wakatazama pembeni.

"Nafuata maji," alimwambia mkewe, akaondoka.

Hakufuata maji. Alizunguka nyuma ya banda la mbuni, mahali ambapo wageni hawapiti sana, na huko akaona uzio mdogo. Ndani yake mwanamke wa makamo, mtunza wanyama, aliyevaa buti za mpira, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kifudifudi. Alikuwa akipukutisha majani kutoka kwenye matawi na kuyatia kwenye kapu. Nyuma yake alisimama digidigi mchanga, mdogo kuliko mbuzi aliyezaliwa jana, miguu kama vijiti. Mama yake alinaswa na mtego, mwanamke alieleza, na huyu aliletwa akiwa hana nguvu hata ya kusimama. Mwanamke alikuwa amempa mgongo.

Elikana alitazama kwa muda. "Dada, mbona humgeukii?"

"Nikimtazama anajua nina haja naye," mwanamke alisema, "na hajajua bado ni haja gani."

"Umekaa hivi siku ngapi?"

"Sijahesabu. Mwanzoni alikuwa akijibanza kule mwisho, kwenye ukuta." Hakuonyesha kwa kidole. Aliendelea na majani yake. Elikana akaona kwamba yule mnyama alikuwa amefika karibu sana na mgongo wa mwanamke, na alikuwa akitafuna jani lililodondoka kutoka kwenye kapu.

Aliporudi, Namsifu alikuwa ametandika kanga kwenye nyasi na kutoa chakula. "Umekosa maji?" aliuliza, maana aliona mikono mitupu na macho mekundu. "Nimekosa," akasema. Alikaa ukingoni mwa kanga, uso wake ukielekea mtoni, mgongo kwa mtoto, akaanza kumenya mayai ya kuchemsha. Namsifu alitaka kumwambia Nakunda amsogelee baba yake. Elikana akatikisa kichwa.

Hakuita. Hakugeuka. Na msidhani lilikuwa jambo jepesi kwake, kwa sababu alikuwa na siku tano tu zilizobaki, na kila kiungo cha mwili wake kilitaka kugeuka. Mikono yake ilizoea mashine ya kutoboa mwamba. Maganda ya mayai yalimshinda, yakatoka vipande vipande pamoja na nyama ya yai. Alilimaliza la kwanza likiwa limechakaa, akachukua la pili.

"Unaliharibu," sauti ikasema begani mwake.

"Naona."

"Bibi hulibingirisha kwanza."

"Hulibingirisha vipi?"

Mkono mdogo ulipita mbele yake, ukachukua yai, ukaligonga juu ya jiwe na kulibingirisha mpaka likajaa nyufa. "Hivi," alisema Nakunda. Akalimenya, ganda likatoka kama nguo. Kisha akakaa kulila palepale, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuegemea, aliegemea mgongo wa baba yake. Elikana alihisi mifupa yake midogo, na jinsi alivyotafuna. Siafu walimpanda mguuni. Aliwaacha.

Siku hiyo mtoto hakumwita baba. Wala kesho yake. Siku ya Jumatano Elikana alipanda basi kurudi kazini, na Nakunda alimpungia mkono kwa sababu mama yake alipunga. Lakini mkataba ulipokwisha na wakubwa wake wakamletea mwingine asaini, aliomba siku moja ya kufikiri, na hakuihitaji. Alirudi nyumbani, akaanza kufyatua matofali kwa riziki ndogo kuliko aliyoizoea.

Miezi minane ilikuwa imepita, na watoto husahau upesi. Siku aliyofika na begi lake, Nakunda alijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Namsifu alikwenda kumtoa, lakini Elikana alimzuia. Aliweka begi chini uani, akalikalia, akamuuliza mkewe habari za mvua na za mahindi, mambo mengi, bila haraka, naye Namsifu akamjibu moja moja. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kabla mlango wa jikoni haujalia ukifunguka.

Na wewe unayenisikiliza, ni nani nyumbani kwako unayemdai akupende kabla hajapata nafasi ya kukuzoea?