Mkuki Ulioimba

Sogeeni karibu, jamani, niwasimulie yaliyompata Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mhunzi. Siku moja zimwi lilimchukua mdogo wake, Kalunde, likamfungia pangoni. Mikuki ya chuma ilivunjika kwenye ngozi ya zimwi kama vijiti. Nyamizi akapanda mlimani, akaokota mifupa mikubwa iliyolala majanini, akaitia motoni, akaifua, akapata mkuki mweupe wenye uchawi.

Akaenda pangoni. Akaurusha mara ya kwanza, ukatua taratibu miguuni pa zimwi. Akauokota, akaurusha mara ya pili, ukatua palepale. Mara ya tatu mkuki ukalipapasa zimwi shavuni, ukaimba kwa sauti ya kike wimbo wa kubembeleza mtoto.

Zimwi likaketi chini kwa kishindo.

“Huyo ni mama,” likasema. “Alikwenda kunitafutia chakula nikiwa mdogo, asirudi. Umemkuta wapi?”

Nyamizi alikuwa amejiandaa kufa, si kuulizwa. “Mlimani, kwenye majani. Nisamehe, sikujua.”

“Alikuwa amelala vizuri?”

“Vizuri kabisa.”

Zimwi likasukuma jiwe la mlangoni. Kalunde akatoka mbio, akamkumbatia.

“Twende, dada! Twende upesi!”

Nyamizi akageuka nyuma. Zimwi lilikuwa limeulaza mkuki kando, linamchimbia mama yake kaburi kwa kucha zake, likilia, udongo ukiporomoka na kulijaza shimo tena.

“Ningoje kidogo, mdogo wangu,” akasema.

Akarudi, akapiga magoti kando ya zimwi, wakachimba pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa, wapenzi wangu, nami sijaongeza neno.