Kifaru Aliyeutaka Mlango

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mtaa, nyumba zimekaa bega kwa bega.
— Zikae!
Pakawa na mmoja asiyetaka zikae.
— Mtaje!
Nitamtaja, subirini. Mna haraka kama mmeacha chungu motoni.

Basi, katika mji wa kale wa wanyama palikuwa na kichochoro kikiitwa Mtaa wa Kivulini. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, dari zake za boriti, baraza mbele za kukalia, na kila nyumba ilikuwa na mlango wake wa nakshi. Lakini wenye nyumba wengi walikwisha hama. Mvua ikapenya, chokaa ikabanduka, mtaa ukachakaa.

Nyumba ya nne ndiyo aliyokaa Bi Kidawa, mjusi wa ukutani, umbo lake kama kidole. Alianguliwa humo, na mama yake pia alianguliwa humo. Mwaka ule alikuwa ametaga mayai mawili katika ufa, nyuma ya mwimo, ule mti wa kando ya mlango. Na mayai ya mjusi hunata ukutani. Ukiyabandua, umeyaua.

Siku hiyo asubuhi akaja Kifaru kutoka bara. Huyu bwana alikuwa akikusanya milango ya zamani. Alikwisha jaza banda zima, na bado roho yake haijashiba.

Akafika nyumba ya kwanza. Akaugonga ukuta kwa pembe, gu! gu! gu! Vumbi likamwagika.

"Nyumba hii mbovu," akasema. "Na nyumba mbovu haina haja ya mlango."

Akachomeka pembe, kriii! Mlango ukang'oka na miimo yake, pu! Akaubeba, akaenda zake. Wiki haikwisha, ukuta wa juu ukakosa pa kujishika, ukaanguka. Poromo!

Akarudi, nyumba ya pili. Gu! gu! gu! "Nyumba hii mbovu. Na nyumba mbovu haina haja ya mlango." Kriii! Pu! Na baada ya siku chache, poromo!

Akarudi, nyumba ya tatu.
— Gu! gu! gu!
Enhe, mmeshajifunza. Ikawa poromo ya tatu.

Bi Kidawa alikuwa akitazama kutoka juu ya mlango wake. Aliogopa, sikufichini. Angeweza kukimbilia msikitini, angeweza kukimbilia sokoni, mjusi hakosi ukuta. Lakini yale mayai hayakimbii. Akakaa anayatazama, akakata shauri.

Kifaru alipokuja kwa mara ya nne, alimkuta Bi Kidawa ameshuka barazani. Kando yake wamekaa majirani wawili, Kanga mama wa vifaranga, na Popo, fundi chokaa, anayening'inia kichwa chini hata akiwa mgeni.

"Karibu, bwana mkubwa," akasema Bi Kidawa. "Umefuata nini?"

"Mlango."

"Mlango huu wetu?"

"Huu huu."

"Majirani, mnasikia? Bwana mkubwa anautaka mlango wetu."

"Tunasikia," wakasema Kanga na Popo.

"Utauchukua wote, bwana, au nusu?"

"Mimi si wa nusu! Wote!"

"Na lawama zake?"

"Na lawama zake! Niondokee, mjusi wewe."

"Naondoka. Ila kwetu huku mtu husema mara tatu mbele ya mashahidi, kisha hakuna wa kumzuia. Sema tu, mlango huu ni wangu."

Kifaru akacheka. Kazi rahisi hivyo? Akapaza sauti, "Mlango huu ni wangu! Mlango huu ni wangu! Mlango huu ni wangu!"

"Aririririii!" Kanga akapiga vigelegele, mtaa mzima ukatoka nje. "Hongera, ndugu yetu! Kifaru ameingia mlango wa Bi Kidawa!"

"Nimeingia wapi?" akauliza Kifaru.

Ninyi wenzangu mmeshaelewa. Pwani, mlango ni mbao, na mlango ni ukoo. Watu wa mlango mmoja ni watu wa damu moja. Huyu wa bara alijua ule wa mbao tu.

"Mimi nilisema mlango wa mbao!"

"Hukusema mbao," akasema Popo.

"Hukusema mbao!" ukajibu mtaa.

Kifaru akainamisha pembe kwa hasira. Bi Kidawa akaona ile pembe na ule ufa wenye mayai. Akasema upesi, "Mwanangu, mbona unakasirikia bahati yako? Mlango wa mbao utaubeba leo, basi. Lakini mkubwa wa mlango hurithi nyumba nzima sisi tukifa."

Kifaru akasita. "Na mkubwa ni nani?"

"Kwa kilo, nani anakufikia?"

Hivyo ndivyo Kifaru alivyoingizwa mjini.

Toka hapo akaitazama nyumba kwa jicho la mrithi. Akaona ufa, akaudhika. Ufa kwenye mali yangu? Akaleta saruji.

"Rudisha," akasema Popo. "Saruji inaubana ukuta wa matumbawe. Unyevu hauna pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani. Unataka kurithi kifusi?"

Kifaru akairudisha, akachoma mawe ya chokaa, akailoweka chokaa yake shimoni. Kesho yake akauliza, "Tayari?" Popo akasema, "Bado." Mwezi ukapita. "Tayari?" "Bado." Katika kungoja akawa anakaa barazani, anapewa kahawa na kashata. Vifaranga vya Kanga vikamwita mjomba, vikampanda mgongoni.

Chokaa ilipoiva wakaipaka, ila ule ufa wenye mayai Popo akauacha wazi. Popo akasema, "Tatizo ni ile nyumba ya tatu. Hii yako iliiegemea, sasa inainama." Kifaru akainua nyumba ya tatu, akaurudisha mlango wake. Lakini ya tatu iliegemea ya pili. Akaiinua ya pili. Na ya pili iliegemea ya kwanza. Akainua, akabeba boriti, akatoa jasho, na kila akimaliza humwuliza Bi Kidawa, "Shangazi, utakufa lini?"

"Bado, mwanangu."

Mayai yakaanguliwa, ufa nao ukazibwa. Mtaa ukasimama wote, mweupe, milango yote mahali pake. Bi Kidawa alitakiwa kufurahi, na alifurahi. Lakini alipomwona Kifaru akiufuta mlango kwa mafuta ya nazi, polepole, asikwaruze nakshi, aliona haya. Huyu hakuna aliyemwambia kwamba wajukuu wa Bi Kidawa walishafika mia, na wote ni warithi. Alitaka kumwambia. Kila siku akasema nitamwambia kesho.

Miaka ikaenda. Kifaru akaacha kuuliza lile swali lake. Kisha siku moja, yeye aliyekuwa akingoja wenziwe wafe, akatangulia.

Wakaja wageni kutoka bara kumzika. Wakamkuta Bi Kidawa amekaa mstari wa mbele wa waliofiwa, macho mekundu. Wakashangaa.

"Bibi, marehemu alikuwa nani kwako? Wa mlango gani?"

Kanga akatazama chini. Bi Kidawa akafungua kinywa ili hatimaye aseme kweli, kwamba ulikuwa ujanja tu, maneno ya kuokoa mayai mawili.

"Wetu," akasema. Na aliposema, akaona kwamba hakudanganya.

Fundisho lake, wenzangu, ni kwamba udanganyifu ni mbaya sana, hasa ukidumu mpaka ukajenga mtaa. Na mkitaka kuhifadhi mji wenu, msipoteze muda kumtafuta mwema. Mtafuteni mchoyo mwenye mgongo mpana, mumpe shangazi.

Hadithi nimeitia komeo. Anayeitaka tena apige hodi.
— Hodi!
Leo hakuna mtu.