Bado ya Fundi Kasanda

"Heri bado ya chini kuliko laiti ya juu." Mmeisikia asubuhi kwa mama yenu, alipomzuia Tunu asiondoke na pikipiki kabla breki hazijakazwa, na sasa mnataka kujua ni ya wahenga gani. Wahenga gani, wajukuu zangu, waliowahi kupanda ndege? Methali hii nimeizidi umri. Nilikuwa mpakia mizigo katika kiwanja cha ndege cha Mtopwa, na niliiona ikizaliwa.

Ndege yetu ilikuwa ya mapangaboi mawili, abiria kumi na tisa. Ilikuwa ikifika jioni, inalala, inaondoka saa mbili asubuhi. Kila ilipolala, Fundi Kasanda aliivisha vifuniko vyenye utepe mwekundu: viwili kwenye midomo ya injini, viwili kwenye vibomba vya puani, vile vinavyoonja upepo ili rubani ajue anakwenda kasi gani. Asubuhi alivivua, akavipanga chini na kuvihesabu kwa sauti kama mama mwenye vifaranga. Bila vinne, ndege haiondoki.

Siku hiyo vilikuwa vitatu.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Mzee Sumuni, muuza mabati, ndani ya kanzu mpya iliyopigwa pasi hata ukiigusa inakukata. Bintiye Zuhura alikuwa anaolewa mjini baada ya sala ya adhuhuri, na walii wa kumwozesha ni yeye.

"Fundi, tayari?"

"Bado."

Ikagonga saa tatu.

"Fundi, tayari?"

"Bado, mzee wangu."

"Mwalimu wako alikufundisha neno moja tu? Mabawa yapo, injini zipo. Mwanangu akae bila kuozwa kwa ajili ya kitambaa kilichopeperushwa na upepo?"

"Kitambaa nimekisamehe, mzee. Nataka kujua nani kaingia kilipotoka."

Akamulika tochi ndani ya kibomba kilichokosa kifuniko, akaingiza waya mwembamba. Ukatoka udongo, kisha nyigu mkubwa kama kifaranga. Haya, msinikodolee macho: kama kidole gumba cha Tunu. Alikuwa amejenga nyumba mle ndani.

Rubani wetu, Kapteni Nyamizi, akauweka ule udongo kiganjani mwa Mzee Sumuni. "Baba, kibomba kikiziba, saa yangu ya mwendo inaniongopea. Tukiwa juu ningedhani nakimbia mno, nipunguze mwendo, kumbe ndiyo naiangusha ndege."

Mzee akakaa juu ya toroli langu la mizigo, kanzu na yote. Akafunga udongo ule pamoja na mzoga wa nyigu katika leso.

"Fundi," akasema taratibu, "endelea na bado yako."

Kasanda akafungua, akasafisha, akapuliza, akajaribu, akajaribu tena. Saa saba ndipo aliposema tayari. Nami nikapanda, kwa kuwa kiti kimoja kilibaki na pilau haina mwenyewe.

Tulikuta alasiri imeswaliwa na watu wamenuna. Ami yake Zuhura alikuwa radhi kushika nafasi ya walii. Mara mbili wakamwendea bibi harusi chumbani kumwomba ridhaa, na mara mbili akajibu, "Bado. Baba yangu hajafika."

Mjomba wa bwana harusi akampokea Mzee Sumuni mlangoni kwa maneno: "Umetuaibisha, mzee! Laiti ungepanda basi tangu jana!"

Mzee akafungua leso, akamwonyesha udongo na yule nyigu, akamsimulia.

"Laiti yako naipokea, ndugu yangu," akamaliza, "maana nimesimama chini. Ile nyingine, ya kule angani, hata msemaji isingempata. Heri bado ya chini kuliko laiti ya juu."

Akaketi, akamshika bwana harusi mkono, udongo ungali vidoleni, akamwozesha binti yake. Mpaka sahani za pilau zinarudi jikoni, harusi nzima ilikuwa inaisema, na wapishi walishaanza kudai ni ya babu zao.

Sasa Tunu, kampelekee fundi wa pikipiki spana yake, ukae umngoje. Akisema bado, usinune. Heri bado ya chini kuliko laiti ya juu.